Chumba cha jua tukiiteje? Historia fupi ya dirisha katika nyumba ya Omogusii

MPWA wangu mmoja ambaye ni msanifu majengo jijini Nairobi ameniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu wa vipimo na saruji. "Mjomba," aliandika, "kile chumba cha vioo ambacho watu hujenga ubavuni mwa nyumba ili waketi wakiota jua, Kiswahili chake ni nini? Mafundi wote huku wanasema sanrumu, nami naona haya kuliandika neno hilo kwenye ramani."

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja na kuendelea na shughuli zangu. Lakini ramani anayoizungumzia ni ya nyumba ya wazazi wangu kule Nyamira, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wanaokitaka chumba hicho ni ndugu zangu wa tumbo moja. Kwa hivyo swali la neno lilikuwa pia swali la ukuta: upi ubomolewe, upi uachwe, na nani mwenye haki ya kuamua. Nimeonelea nilijibu hadharani kwa kuwa familia nyingi za Kisii na Nyamira ziko katika hali hiyo hiyo. Wazazi wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, watoto wamepata fedha, na nyumba waliyolelewa ndani yake sasa inaonekana ndogo na yenye giza. Kila mtu anataka mwanga.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Hatuwezi kuibadilisha nyumba ya kale vizuri kabla ya kujua kila pembe yake ilikuwa na kazi gani, na njia mojawapo ya kujua ni kuyasikiliza majina ya sehemu zake.

Tuanze mwanzo. Nyumba ya jadi ya Abagusii ilikuwa ya msonge, yaani ya mviringo, yenye kuta za fito zilizokandikwa udongo na paa la nyasi lililochongoka juu. Haikuwa na dirisha hata moja. Mwanga uliingia kwa mlango tu, na usiku ulitoka kwenye moto. Ukimwambia kijana wa leo kwamba nyanya zake waliishi hivyo, atakuambia, "Ebu! Walivumilia vipi?" Swali lake ni la haki, ila lina dhana ndani yake kwamba kukosa dirisha kulikuwa kukosa maarifa.

Haikuwa hivyo. Milima ya Gusii ina baridi. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na alasiri huja mara nyingi ikiwa na mawe. Tundu katika ukuta wa udongo ni mlango wa baridi na ni mahali ambapo maji huanzia kuumega ukuta. Isitoshe, moshi wenyewe ulikuwa na kazi. Ulikausha nyasi za paa, ukawafukuza wadudu, ukazihifadhi mbegu zilizotundikwa juu ya moto. Na juu ya yote, nyumba ile ilikuwa ya usiku. Mchana watu waliishi nje, mashambani na uani. Wazee waliketi kwenye jua la asubuhi mbele ya nyumba, watoto wakacheza hapo, na wimbi likaanikwa hapo. Kumbe chumba cha jua kilikuwepo! Kilikuwa ni ua.

Sasa tuyatazame maneno. Ekegusii na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na katika nyumba undugu wao hujitokeza waziwazi. Nyumba kwa Ekegusii ni enyomba. Jua ni erioba, neno lenye shina moja na jua la Kiswahili, enjuba ya Kiganda na izuba ya Kinyarwanda. Mafiga ni amaiga, na figa moja ni riiga. Ila maneno haya yanabeba mizigo ambayo Kiswahili sanifu hakiibebi. Enyomba si jengo tu, bali pia ni mama pamoja na watoto wake. Katika boma la mke zaidi ya mmoja, kila mke alikuwa na enyomba yake, na mali ya enyomba hiyo, ardhi na ng'ombe, ilirithiwa na wana wa mama huyo. Riiga nalo si jiwe la kuinjikia chungu tu, bali ni tawi la ukoo, watu wa meko mamoja. Anayesema Ekegusii hawezi kutaja nyumba bila kutaja jamaa.

Ndani ya enyomba kulikuwa na mgawanyo. Kulikuwa na eero, sehemu ya mwenye boma na wageni wake, na kulikuwa na upande wa mama wenye meko na mahali pa kulala. Wavulana waliokua walihamia esaiga, nyumba yao ya pembeni, ambayo majirani zetu Waluo huiita simba. Mgawanyo huo uliongozwa na kanuni zinazoitwa chinsoni. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hili mara moja, kwa kuwa soni kwa Kiswahili ni haya. Chinsoni ni haya zilizowekewa sheria: nani anaweza kukaa na nani, nani asitaje nini mbele ya nani, nani aingie wapi. Baba, kwa mfano, hakuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wanaanthropolojia Robert LeVine na Barbara LeVine, waliofanya utafiti Gusii katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chao Nyansongo mwaka 1966, walilieleza jambo hili kwa kirefu. Ukuta wa ndani ya nyumba ya Omogusii ulikuwa sheria iliyosimamishwa kwa udongo.

Kisha pana jambo la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote. Nyumba ina upande wa kulia na upande wa kushoto, na pande hizo hazifanani. Mwanamume akifariki huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, na mwanamke upande wa kushoto. Kwa hivyo ardhi iliyo ubavuni mwa nyumba haiko wazi hata kama haina kitu. Ina mwenyewe, hata akiwa bado anapika uji jikoni.

Dirisha lilifikaje basi? Lilikuja katika miaka ya misukosuko. Waingereza walifanya msafara wao wa kwanza wa kijeshi Gusii mwaka 1905, na mwaka 1907 wakajenga boma mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki afisa wa wilaya, G. A. S. Northcote, ambaye watu walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Msafara wa kulipiza kisasi uliteketeza nyumba na kuswaga ng'ombe kwa wingi, na mauaji yakawa makubwa kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, aliandika kuyalalamikia. Nyumba za nyasi zinaungua upesi. Historia yetu ya ujenzi katika karne ya 20 inaanzia kwenye majivu hayo.

Baada ya moto ikaja kodi. Katika Himaya ya Afrika Mashariki, kodi ya nyumba ilikuwa imewekwa na kanuni za mwaka 1901, na ilihesabu nyumba, si watu. Hebu fikiria maana yake kwa jamii ambamo kila mke ana enyomba yake. Kile kilichokuwa mama na watoto wake kikageuka kuwa namba katika daftari. Serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku ebisarate, kambi za ng'ombe ambako vijana waliishi wakilinda mifugo, na vijana wakarudi bomani.

Pale bomani mjini, maafisa walijenga nyumba za aina ya bangalo zenye veranda. Maneno yote mawili Waingereza waliyatoa Bara Hindi. Bangalo ni nyumba ya mtindo wa Bengal. Veranda ile ilijengwa ili kulizuia jua. Mzungu wa wakati ule aliamini kwamba jua la ikweta litamdhuru ubongo, ndiyo maana alivaa ile kofia ngumu hata akienda hatua 20. Watu hao hao huko kwao Uingereza walikuwa wakijenga vyumba vya vioo ili walikamate jua wanalolikosa. Kwa hivyo tunapodhani kwamba chumba cha vioo ndiyo alama ya nyumba ya kizungu, tukumbuke kwamba Wazungu waliokuja Kisii walijenga kinyume chake.

Dirisha la watu wa kawaida, naona mimi, lilikuja zaidi na misheni kuliko na serikali. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakafuata Nyanchwa muda mfupi baadaye. Popote misheni zilipofika Afrika Mashariki, waumini wa kwanza walijulikana kwa kusoma: Waganda waliwaita abasomi, Wagikuyu wakawaita athomi. Kusoma kunataka mwanga ambao moto wa mafiga hauutoi. Sidhani ni sadfa kwamba kitabu na dirisha viliingia vijijini pamoja, pamoja na nyumba ya pembe nne, ambayo Kiswahili huiita nyumba ya mgongo wa tembo.

Na neno lenyewe? Dirisha ni la Kiajemi, daricha, likiwa na maana ya kilango. Waswahili wakalitohoa, kisha likapanda bara: Mgikuyu anasema ndirica, Mjaluo anasema dirisa. Asili yake inafurahisha. Dirisha ni mlango mdogo, na kila mlango, hata mdogo, huuliza nani anaruhusiwa kupita.

Fedha ndizo zilizomaliza kazi. Abagusii walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Baadaye kukaja pareto, na baada ya Mamlaka ya Ustawi wa Majani Chai kuundwa mwaka 1964, chai ikawa mfuko wa kila boma. Kahawa iliezeka mabati, chai ikachoma matofali. Meko yakatolewa ndani ya nyumba na kujengewa jiko lake la pembeni. Hilo lilikuwa jambo la heri kwa mapafu ya mama zetu, ila wengi bado wanapikia kuni ndani ya vijiko visivyo na tundu la kutosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo takriban milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mtu asije akanielewa vibaya kwamba naitamani nyumba ya moshi. Mwanga na hewa ni haki.

Nyumba ya wazazi wangu ni ya kizazi hicho cha kahawa na chai. Ni ya pembe nne, matofali ya kuchomwa yaliyoshikanishwa kwa udongo, mabati juu, na madirisha madogo ya mbao. Mzee wetu alizikwa upande wake wa kulia. Mama yungali hai. Kwa Ekegusii mama tunamwita baba na baba tunamwita tata, jambo ambalo huwachekesha sana Waswahili, lakini hapa nitasema mama ili tuelewane. Ana zaidi ya miaka 80, na kila asubuhi husogeza kiti chake polepole sebuleni akilifuata jua linaloingia kwa dirisha la mashariki. Jua likihama, naye anahama.

Ndugu zangu wawili wanaishi Minnesota, ambako Abagusii ni wengi hivi kwamba mtu anaweza kufanya harambee nzima kwa Ekegusii. Ndio waliotuma picha. Walitaka ukuta wa mashariki ubomolewe, na nyumba isogezwe nje mita nne kwa chumba cha vioo kuanzia sakafuni hadi darini, ili mama akae na jua lake bila kusogeza kiti. Nia ilikuwa njema, fedha zilikuwepo, na mpwa wetu akachora. Tatizo ni kwamba mashariki ya nyumba ile ndio upande wake wa kushoto.

Tulipomwonyesha mama ramani, aliitazama kwa muda, akauliza mlango uko wapi, akaonyeshwa. Kisha akasema: "Huko mnakotaka kuweka vioo ni kwangu. Mzee wenu analala kulia, mimi nitalala kushoto. Mkishajenga hapo, mtanipeleka wapi?" Hakuna aliyejibu. Akaongeza: "Lakini jua nalitaka. Lileteni hapa nilipo."

Nimeyatafakari maneno hayo kwa muda mrefu kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Mama hakupinga mabadiliko, na hakuutetea mkwamo kwa jina la mila. Alitenganisha mambo mawili ambayo mchoro ulikuwa umeyachanganya, yaani haja ya jua na mahali pa kulitafutia.

Watu wa pwani waliwahi kulikabili swali la namna hiyo, na jibu lao linafaa kusomwa hata huku milimani. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, zimeipa barabara kisogo. Ukuta wa nje ni mtupu. Mgeni hupokewa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni. Ndani yake kuna kiwanda, neno ambalo kwa Kiswahili cha leo ni mahali pa mashine lakini Lamu ni ua ulio wazi juu. Jua huingia hapo kutoka mbinguni, bila kupita machoni mwa mtu. Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazopokea mwanga wa ua, na nyuma yake chumba kiitwacho ndani, chenye ukuta wa zidaka, ambacho ni cha watu wa nyumbani tu. Upana wa vyumba ulikuwa takriban mita tatu au pungufu, kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kuvuka zaidi, na chokaa nyeupe ukutani iliusukuma mwanga uende mbali zaidi.

Tazama mpangilio huo. Kadiri unavyozama ndani ndivyo mwanga unavyopungua, na ndivyo ujamaa unavyozidi. Mgeni yuko kwenye jua, mama mwenye nyumba yuko kwenye kivuli. Ni chinsoni zile zile, zimejengwa kwa matumbawe badala ya udongo. Hata roshani za Mombasa na Unguja, ambazo jina lake linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mwangaza, ziliwekewa nakshi za mbao zilizotoboka ili aliye ndani aone nje naye asionekane. Dirisha huingiza jua, na huingiza macho. Waliojenga zamani, pwani na bara, walilijua hilo. Chumba cha vioo vitupu kando ya njia inayopitwa na wakwe wa mtu hakilijui.

Kuna hesabu nyingine ambayo picha za kutoka ng'ambo hazikuifanya, nayo ni ya jua lenyewe. Minneapolis iko nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Huko jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, kwa hivyo chumba cha jua huelekezwa kusini. Gusii iko chini ya digrii moja kusini ya ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri liko karibu utosini. Juni limeelemea kaskazini, Desemba kusini. Upande wa kutegemewa kwetu ni mashariki tu, asubuhi, kabla mawingu ya alasiri hayajapanda kutoka ziwani. Na paa la vioo chini ya jua la utosini ni tanuri saa sita mchana, na saa tisa ni ngoma ya mvua ya mawe.

Fundi mzee wa kijijini kwetu alilisema la ziada. Ukuta wa matofali yaliyoshikanishwa kwa udongo ndio unaoibeba paa. Ukiukata tundu pana bila kuutegemeza kwanza na kuweka linta ya kutosha juu yake, umeikata miguu nyumba. Ukiupaka saruji ukuta kama huo kwa kutaka ung'ae, unyevu unabaki ndani, udongo unalainika, na plasta inabanduka baada ya masika machache. Si jambo la kufanyia mzaha. Beit el-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu mnamo Desemba 25, 2020, likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba la kifalme lenye wataalamu linaweza kufa mikononi mwa waganga wake, nyumba ya mkulima wa chai nayo inataka tahadhari.

Nani atatulazimisha kuwa na tahadhari hiyo? Kwa kweli, hakuna. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kulindwa, mradi waziri alitangaze rasmi. Nyumba za kina sisi hazitangazwi. Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la makavazi na shughuli za utamaduni, lakini hakuna kaunti itakayokuja kusimama mlangoni kwako kuuliza unaubomolea nini ukuta wa mama yako. Nyumba za wazazi wetu zitalindwa na maamuzi ya sebuleni au hazitalindwa kabisa.

Hivi ndivyo ramani ilivyochorwa upya. Ukuta wa mashariki unabaki mahali pake. Madirisha mawili ya sebule yanapanuliwa chini badala ya kando, ili kizingiti kishuke usawa wa magoti na mtu aliyeketi aone bonde lote hadi barabarani. Linta zinabadilishwa kwanza. Benchi la matofali linajengwa chini ya madirisha, lenye upana wa kutosha mtu kulala. Mabati mawili ya paa yanaondolewa na kuwekwa yale yanayopitisha mwanga, upande wa nyuma, kusudi jua lishuke kama linavyoshuka kwenye kiwanda cha Lamu. Mbele, paa la veranda linarefushwa liwe baraza, kwa wale wageni ambao chinsoni haziwaruhusu kuingia ndani. Upande wa kushoto, nje, nyasi zinabaki.

Ndugu yangu mmoja hajaridhika. Anasema tunajenga kwa ajili ya kaburi wakati mama bado anapumua. Namwelewa, kwa sababu mtu aliye mbali huipenda nyumba kwa kuituma picha, na picha nzuri ni ya vioo. Jibu langu kwake ni kwamba mama ndiye aliyesema. Nyumba ni enyomba, na enyomba ni mama na watoto wake. Sisi watoto hatuwezi kumwongezea mama chumba kwa kumpunguzia mahali.

Narudi sasa kwa swali la mpwa wangu. Sanrumu silipendi, ingawa si kwa sababu ni la mkopo. Kiswahili kimekopa dirisha, kimekopa roshani, na hakuna aliyekonda. Silipendi kwa kuwa linatuletea pamoja nalo mchoro wa nchi ambayo jua lake hukaa kusini na wafu wake huzikwa mbali na nyumba. "Chumba cha jua" kinaeleweka na chaweza kutumika katika mazungumzo, ila ni maelezo kuliko jina. Roshani ina nuru katika asili yake lakini imeshachukuliwa na ghorofa. Napendekeza msana. Ni neno la nyumba, limefanya kazi Lamu kwa karne nyingi, na maana yake ndiyo hasa tunayoitafuta: ukumbi wa ndani unaopokea mwanga wa nje bila kuianika familia. Najua wapo watakaosema kwamba kwa mtu wa Nyamira neno la Kiamu ni geni sawa na la Kiingereza. Huenda ni geni leo. Lakini dirisha nalo lilikuwa geni kwa nyanya zetu.

Jambo la mwisho ni ombi kwa wasomaji wa Kisii na Nyamira, na kwa kila anayesoma haya akiwa na nyumba ya wazazi kijijini. Kabla ya fundi kushika sururu, keti na mzee aliyeishi ndani ya nyumba ile. Mwombe akutajie kwa lugha yake jina la kila sehemu: mlango wa mbele na wa nyuma, eero, mahali palipokuwa na amaiga, ukuta wa katikati, pembe ya kuwekea chungu cha maji, pande mbili za nje. Andika. Uliza nani alikaa wapi na nani hakuruhusiwa kupita wapi. Kazi hiyo haihitaji fedha na inamalizika kwa alasiri moja. Mpwa wangu ameifanya na nyanya yake. Daftari lake sasa lina maneno 31, na saba kati ya hayo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuyasikia.